Punda akichomwa sindano ya usingizi: moyo na mapafu yake hupatwa na nini?

Siku ya kumhasi punda dume kijijini huwa na watazamaji wengi. Watoto hukaa juu ya ukuta, vijana hushika kamba, na mtaalamu huvuta dawa kwenye bomba la sindano. Dakika chache baadaye punda anainamisha kichwa, miguu inalegea, anaanguka. Mara nyingi kazi huisha salama, na jioni yake punda yuko kwenye majani. Ila zipo siku ambazo haamki.

Hapo ndipo maneno huanza. Mwenye punda atasema dawa ilikuwa mbovu. Aliyechoma atasema punda alikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi. Na mzee mmoja aliyekaa kivulini atasema ndiyo maana zamani walitumia kamba na kisu tu, wala hakuna aliyemlaza mnyama kwa dawa.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa punda au farasi tangu dawa iingie kwenye mshipa hadi mnyama asimame tena. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: kurudi kwenye kamba na kisu si jibu. Dawa hizi ni msaada mkubwa, lakini kila moja inagusa moyo na pumzi. Kinachoua mara nyingi ni dawa iliyotolewa kwa kukadiria, kisha mnyama akaachwa bila mtu wa kumwangalia.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Mwezi Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ngozi hizo zilikuwa zikisafirishwa hasa kwenda China, ambako huchemshwa kupata gundi inayotumika katika dawa za asili. Nchini Kenya pekee, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta wapatao milioni 1.2.

Punda hazaliani haraka kama mbuzi. Jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Familia iliyopoteza punda wa kubebea maji inaweza kukaa miaka kabla ya kumpata mwingine wa kufanya kazi, na muda wote huo ndoo zinarudi vichwani mwa akina mama na watoto. Kwa hiyo marufuku ya kuchinja ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwatunza walio hai wasife kwa mambo yanayozuilika, na kifo cha punda aliyelazwa kwa ajili ya kazi ya nusu saa ni mojawapo ya mambo hayo.

Moyo wa polepole, mapafu ya kukimbilia

Farasi mzima mwenye kilo 450 hivi ana moyo unaopiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika akiwa ametulia. Wa binadamu mzima hupiga kati ya mara 60 na 100. Farasi huyo huvuta pumzi mara 8 hadi 16 tu kwa dakika. Punda ni mdogo zaidi, kwa hiyo moyo na pumzi yake huenda kasi kidogo kuliko vya farasi, lakini mpango wa mwili ni uleule.

Mwili huu umeumbwa kukimbia. Farasi akiwa mbioni, moyo wake unaweza kupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Umeumbwa pia kusimama: farasi na punda husinzia wakiwa wima, na wakilala kabisa huwa kwa muda mfupi mfupi. Kwa hiyo tunapomlaza kwa dawa, tunafanya mambo mawili kwa mpigo. Tunaupunguza nguvu moyo wake, na tunamweka katika mkao ambao mapafu yake hayakuuzoea.

Kila dawa na tabia yake

Tuanze na zailazini, dawa ya kutuliza inayotumika sana kwa ng'ombe, farasi na punda. Ikiingia kwenye mshipa, mapigo ya moyo hupungua upesi. Wakati mwingine pigo moja hurukwa: unahesabu moja, mbili, tatu, kisha kimya, kisha nne. Shinikizo la damu hupanda kwanza kwa sababu mishipa imebana, halafu hushuka. Damu inayosukumwa na moyo kila dakika hupungua. Kichwa nacho huinama, na kikikaa chini kwa muda, ndani ya pua huvimba na njia ya hewa huwa nyembamba.

Ya pili ni ketamini. Hii ndiyo humwangusha mnyama katika usingizi wenyewe, na hutolewa baada ya ile ya kutuliza kufanya kazi. Farasi au punda akipewa ketamini peke yake hupagawa na kukakamaa. Kwa moyo, ketamini ina upole: huuchangamsha badala ya kuulegeza, na hii ni sababu moja ya kupendwa kwake mahali pasipo na mashine. Kwa pumzi, hubadili mwendo. Mnyama huvuta hewa, huishikilia kwa muda, ndipo huitoa. Asiyejua atadhani pumzi imekatika.

Ketamini ina mtego mwingine. Mnyama aliyelala kwa ketamini huwa macho yako wazi, na kope huweza kupepesa ukizigusa. Mtu asiye na mafunzo akiona hivyo husema, "Huyu hajalala, ongeza." Anaongeza juu ya dawa iliyotosha, na pumzi iliyokuwa ikienda vizuri huanza kufifia.

Ya tatu ni asepromazini, dawa ya kumtuliza mnyama mwenye wasiwasi. Hii hulegeza mishipa ya damu, na mishipa ikilegea shinikizo hushuka. Kwa mnyama mwenye afya si tatizo kubwa. Kwa punda aliyegongwa na gari, aliyeng'atwa na fisi, au aliyetokwa na damu ya jeraha kwa njia ndefu bila maji, ni hatari, kwa sababu damu iliyobaki haitoshi kujaza mishipa iliyolegea. Ndiyo maana daktari akikuuliza, "Ametoka damu kiasi gani? Amekunywa maji lini?" anatafuta njia ya kuchagua dawa.

Katika hospitali kubwa za farasi, kama zile za Ulaya na Marekani, mnyama akishalala huunganishwa na mashine ya hewa ya usingizi, kwa mfano isofluraini. Hiyo humweka katika nusukaputi kwa saa kadhaa, lakini hushusha shinikizo la damu na kupunguza pumzi zaidi ya sindano. Madaktari hao hupima shinikizo muda wote, na wastani wake ukishuka chini ya 70 huanza kulipandisha kwa maji ya mshipani na dawa. Sababu ni uzito. Misuli iliyo chini hubanwa na mwili mzima, na damu ikikosa nguvu ya kupenya, misuli hiyo huumia. Farasi anaweza kuamka vizuri kabisa, kisha mguu ukakataa kumbeba.

Tumbo juu ya mapafu

Hata bila dawa, kulala kwa ubavu ni mzigo. Tumbo la farasi au punda ni pipa kubwa la majani yanayochacha. Akiwa wima, pipa hilo linaning'inia chini. Akilala, linasukuma kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mapafu hukosa nafasi. Pafu la upande wa chini hubanwa: damu inapita ndani yake, lakini hewa haifiki ya kutosha. Matokeo yake ni kwamba damu inarudi kwenye moyo ikiwa na oksijeni pungufu, wakati hewa ya ukaa inazidi kwa sababu pumzi ni chache.

Akilazwa chali hali huwa ngumu zaidi, maana tumbo lote hukaa juu ya kifua.

Mnyama mwenye afya huvumilia upungufu huo kwa muda mfupi. Ndiyo sababu madaktari wanaofanya kazi porini na vijijini, bila mtungi wa oksijeni, hufundishwa kuiweka kazi ndani ya saa moja, na ikiwezekana chini ya hapo. Kazi inayohitaji muda zaidi hupelekwa penye vifaa, au huahirishwa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: farasi na punda hawapumui kwa mdomo. Hewa yao yote hupita puani. Kitambaa kilichowekwa usoni kuzuia nzi, kamba iliyokazwa juu ya pua, au kichwa kilichokunjwa kuelekea kifuani, kila kimojawapo kinaweza kuziba njia pekee ya hewa aliyonayo.

Takwimu zinasema nini

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia farasi 41,824 waliopewa nusukaputi katika hospitali nyingi. Waliokufa ndani ya siku saba walikuwa asilimia 1.9. Ukiwatoa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa dharura, ambao walifika wakiwa taabani, ilibaki asilimia 0.9, yaani karibu farasi mmoja katika kila 100. Theluthi moja hivi ya vifo ilitokana na moyo kusimama au damu kushindwa kuzunguka. Sehemu nyingine kubwa ilikuwa ya farasi waliovunjika mifupa au kuumia misuli, hasa wakati wa kuamka.

Linganisha na mbwa. Utafiti wa Uingereza wa miaka ya 2000 ulikuta vifo vya asilimia 0.17, yaani mbwa 17 katika 10,000. Farasi yuko katika hatari mara kadhaa zaidi, ingawa alikuwa hospitali, penye mashine na wataalamu.

Mwaka 2021 zilitoka takwimu mpya za utafiti wa aina hiyohiyo. Kati ya farasi zaidi ya 6,700 waliolazwa, vifo vilikuwa asilimia 1.0. Kwa wale waliotulizwa wakiwa wamesimama na kupigwa ganzi mahali pa kazi, vilikuwa asilimia 0.2. Kwetu sisi hapo kuna somo la moja kwa moja: kazi inayoweza kufanyika mnyama akiwa wima, kama kushona jeraha dogo au kushughulikia jino, ni afadhali ifanyike hivyo. Kuhasi punda ni jambo jingine. Mishipa yake ya damu ya sehemu hiyo inahitaji kufungwa vizuri, na madaktari wengi hupendelea alale ili waione na kuifunga.

Punda si farasi mdogo

Hapa ndipo vijiji vyetu vinapoumia zaidi. Maelezo mengi ya dawa yameandikwa kwa farasi. Mwili wa punda huimaliza ketamini upesi kuliko wa farasi, kwa hiyo usingizi wake ni mfupi. Mtu aliyezoea farasi, au aliyesoma karatasi ya farasi, hushtuka punda akianza kurusha miguu kisu kikiwa kazini. Daktari aliyejiandaa huwa na dozi ya nyongeza iliyopimwa tayari. Asiyejiandaa huvuta chochote kilichobaki kwenye chupa.

La pili ni uzito. Punda wengi wa Afrika Mashariki wana kilo kati ya 100 na 200, na kwa macho ni rahisi kukosea. Anayekadiria 180 kwa punda wa 120 amezidisha dawa kwa nusu nzima. Futi ya kupimia kifua, ile ya fundi nguo, husaidia kupata makadirio ya karibu zaidi kuliko jicho.

La tatu ni mshipa. Shingoni mwa punda mshipa unaochomwa uko jirani na mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni, na ngozi na misuli iliyoufunika ni minene kuliko ya farasi. Sindano ikiingia kwenye mshipa usio wake, dawa hufika ubongoni moja kwa moja, na mnyama huanguka na kutikisika kabla bomba halijaisha. Hili linaweza kumtokea hata aliyesoma. Asiyesoma hatajua hata kilichotokea.

La nne ni tabia. Punda huficha maumivu. Anaweza kusimama kimya akiwa hoi, na mtu akasema ni mzima. Mwambie daktari kila ulichokiona wiki hiyo: kikohozi, kupumua kwa shida baada ya mzigo, kukataa majani, mimba kwa jike.

Dawa za kabatini

Baadhi ya wasikilizaji huuliza kwa nini dawa hizi haziuzwi kama za minyoo. Sababu ya kwanza ni hayo tuliyoeleza. Ya pili ni usalama wa watu. Zailazini haikuruhusiwa kutumika kwa binadamu. Huko Marekani imekuwa ikichanganywa na dawa za kulevya, na mwezi Aprili 2023 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mchanganyiko wake na fentanili kuwa tishio jipya. Ketamini nayo hutumiwa vibaya. Mwaka 2015 ulikuwepo mjadala katika Umoja wa Mataifa wa kuiwekea udhibiti wa kimataifa, lakini Shirika la Afya Duniani lilipinga, kwa kuwa katika hospitali nyingi za vijijini ndiyo dawa ya usingizi inayopatikana kwa mama anayefanyiwa upasuaji. Iko kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Kwa hiyo dawa inayomlaza punda wako ndiyo hiyohiyo inayoweza kuokoa mzazi hospitalini, na ndiyo inayoweza kumuua kijana aliyeiokota. Chupa iliyobaki haiwekwi juu ya kabati la vyombo. Inarudi na mtaalamu aliyekuja nayo.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Zote zinataka anayetoa tiba kwa mifugo awe ametambuliwa na baraza la taaluma hiyo. Kumuuliza mtu kama amesajiliwa si utovu wa adabu.

Siku ya sindano, wewe mwenye punda ufanye nini

Usimkimbize. Punda aliyefukuzwa na kufungwa kwa vurugu ana moyo unaokwenda mbio, na dawa ya kutuliza haimkolei vizuri. Ndipo watu huongeza. Mlete mapema, mfunge kivulini, aachwe atulie. Kuhusu majani, fuata saa utakayopewa na daktari, maana tumbo lililojaa hubana mapafu.

Chagua mahali laini, penye kivuli, mbali na mawe na mtaro. Akishaanguka, vua hatamu au legeza kamba za kichwani, kichwa kinyooshwe, pua ziwe wazi, jicho la chini lilindwe na nguo safi.

Kisha mtoe mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine ila kuhesabu. Asishike kamba wala kupiga picha. Simu yake ina saa ya sekunde, na hiyo inatosha. Atazame ubavu ukipanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha azidishe mara mbili. Daktari anaweza kumwonyesha mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya, unaodunda ukiuwekea vidole. Afungue mdomo wa punda na kutazama ufizi: rangi ya waridi ni nzuri, na ukiubonyeza kwa kidole weupe unapaswa kuondoka ndani ya sekunde mbili. Ufizi wa buluu au wa kijivu, pumzi zinazozidi kuchelewa, au mdundo unaopotea chini ya vidole ni habari za kutamka papo hapo kwa sauti, bila kuona haya.

Kazi ikiisha, mwache. Usimpige ili ainuke, usimvute mkia. Mnyama anayeinuka kabla miguu haijapata nguvu huanguka na kuvunjika. Mtu mmoja akae karibu na kichwa, wengine wasogee. Asipewe majani mpaka awe macho kabisa, maana anaweza kukabwa. Kabla mtaalamu hajaondoka, piga picha lebo za chupa alizotumia na uandike kiasi na saa. Kukitokea shida usiku, daktari mwingine atajua pa kuanzia.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji

Tumeona jinsi usalama wa punda unavyotegemea watu na vifaa vidogo: aliyesoma, futi ya kupimia, saa, mtu wa kuhesabu. Hakuna mashine ya bei kubwa hapo. Lakini aliyesoma lazima afike kijijini, na hapo kuna pengo. Kampeni za mifugo mara nyingi huwaza ng'ombe, mbuzi na kuku kwanza. Punda hatoi maziwa ya kuuza wala nyama ya sokoni, kwa hiyo husahaulika kwenye bajeti, ingawa ndiye anayebeba maji, mahindi, matofali, na wakati mwingine mgonjwa kuelekea zahanati.

Viongozi wa Afrika wamesema punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Ni haki kuuliza halmashauri na kaunti zetu: daktari wa mifugo anakuja huku lini kwa ajili ya punda? Wanakijiji kumi wenye madume wakipanga siku moja, gharama ya safari itagawanywa vipi? Afisa mifugo wetu amefunzwa dozi za punda, au bado anatumia za farasi?

Na yule mzee wa kivulini tunamheshimu, ila tunamjibu hivi. Punda anayekatwa akiwa macho, amefungwa kamba, moyo wake nao hupata taabu: unapiga kwa woga na maumivu, na akijitupa hujiumiza na kuwaumiza walioshika. Dawa ikipimwa, na mtu akikaa kando akihesabu pumzi, punda analala, anaamka, na kesho kutwa anauona mtaro wa maji kama kawaida yake.